Somo: Kupima maji ya chini ya ardhi na uchafu wa vyoo



Watu wa Goma hawajasahau mwaka 1994, kipindupindu kilipoua maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache. Tangu hapo tumezoea kutia klorini katika bidoni na kuchemsha maji. Tusiache. Lakini klorini na moto huua vijidudu tu, haviondoi kemikali. Tena maji yakichemka sana hupungua, na kemikali iliyomo inazidi kukolea.

Chini ya mlima Nyiragongo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni floridi. Hii hutoka katika mawe ya volkano, na moshi wa mlima huitia hata katika maji ya mvua. Shirika la Afya Duniani linasema isipite miligramu 1,5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru mifupa. La pili ni nitrati, ambayo isipite miligramu 50. Penye watu wengi na mashamba machache, nitrati nyingi ni alama kwamba uchafu wa vyoo unashuka katika maji. Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo.

Mtauliza, watu wa amani wanatafuta nini katika kemia? Meno ya watoto yakiharibika, wenyeji wanaweza kusema wahamiaji wamechafua kisima, nao wahamiaji wakasema wametiliwa sumu. Tunajua neno "sumu" linavyowasha moto kwetu. Kumbe floridi haikutiwa na mtu.

Siku ya kuchota maji ya kupima, wawepo mama wanaochota pale kila siku, mjumbe wa wahamiaji na mjumbe wa wenyeji. Tumieni chupa ya plastiki, si ya kioo, kwa sababu kioo kinaweza kupunguza floridi. Isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale, bila sabuni. Andikeni mahali, tarehe na saa, wote watie sahihi. Ifike maabara siku hiyohiyo, ikiwa katika ubaridi. Rudieni mvua zikianza, kwa maana mvua hupenya upesi katika nyufa za lava na kubeba uchafu. Ndiyo sababu ile kanuni ya mita 30 kati ya choo na kisima inaweza isitoshe katika mawe ya namna hii.

Uchafu wa vyoo nao upimwe kabla ya kupelekwa shambani. Watu hutupa chooni betri na mafuta machafu ya motokari (tabia mbaya, tuseme wazi), na madini ya risasi hayaozi. Choteni juu, katikati na chini, kisha mchanganye, maana vitu vizito hukaa chini. Mchotaji avae glavu na buti.

Majibu yakifika yasomwe palepale kisimani, kwa Kiswahili, mbele ya pande zote mbili. Floridi ikiwa imezidi, maji yenye floridi kidogo wapewe kwanza watoto wa chini ya miaka 8, kwa kuwa huo ndio umri meno yao ya ukubwani yanapoumbwa. Yale mengine yafulie nguo.