Ngozi Nyeusi Haiwi Nyekundu: Somo kwa Wafanyakazi wa Saluni

Ndugu zetu mnaofanya kazi ya saluni, leo tujifunze kuikagua ngozi ya mteja kabla ya kuipaka chochote. Vitabu vingi vya kazi hii vimetoka Ulaya na Marekani, navyo hufundisha hivi: palipo pekundu ndipo penye shida. Sawa, kwa Mzungu. Lakini kwa ngozi yetu ukingoja wekundu utangoja sana. Damu ikijaa chini ya ngozi nyeusi, mahali hapo huwa pa zambarau, au kijivu, au peusi zaidi, na pengine jicho halioni kitu.

Hata kipimo kinachotumika zaidi kilianza vivyo hivyo. Mwaka wa 1975 Daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani aligawa ngozi za Wazungu katika mafungu manne, kwa jinsi zinavyoungua juani. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, mafungu mawili tu! Humo ndimo tulimosongamana sote.

Basi tufanyeje? Mnawishe mteja mafuta na poda, umketishe karibu na dirisha, penye mwanga wa mchana. Linganisha shavu moja na la pili, kisha na ngozi ya ndani ya mkono wake, maana kipimo chake ni yeye mwenyewe. Gusa kwa mgongo wa vidole: pana joto? Pamevimba? Ni pagumu? Muulize kama panawasha na tangu lini.

Halafu muulize anapaka nini nyumbani. Hapa nenda polepole, tena faraghani, kwa sababu wengi wanaojichubua huona haya kusema. Krimu zenye dawa za steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba. Ukija juu yake na asidi ya kuondoa madoa utamuunguza, na kwa ngozi nyeusi kidonda kidogo tu huacha alama ya kukaa miezi mingi. Mtu alikuja kupendeza, anarudi nyumbani na baka usoni.

Mengine si ya saluni kabisa. Baka lililofifia rangi, ambalo ukiligusa kwa pamba mteja hasikii, laweza kuwa ukoma. Mwambie aende kliniki. Dawa zake ni za bure, na ugonjwa hupona.

Nanyi mnaosafisha kucha, msidanganywe eti mtu mweusi hapati kansa ya ngozi. Bob Marley alifariki mwaka wa 1981, akiwa na miaka 36, kwa kansa ya ngozi iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Kwa watu weusi kansa ya aina hii hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha. Mistari myeusi katika kucha kadhaa ni kawaida kwetu. Ila mstari ulio katika ukucha mmoja tu, unaopanuka, au weusi wake umevuka hadi kwenye nyama, usiufunike kwa rangi ya kucha. Mwonyeshe mwenyewe, umtume hospitali wiki hiyo hiyo.