Manowari ya Barafu Iliyobaki Michoroni

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu vya Pili vya Dunia, nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli nyingi za Uingereza na washirika wake katika Bahari ya Atlantiki. Katikati ya bahari hiyo palikuwa na eneo lisilofikiwa na ndege za ulinzi zilizoondoka nchi kavu, na chuma cha kuundia manowari zaidi kilikuwa haba. Ndipo Mwingereza Geoffrey Pyke alipopendekeza iundwe manowari ya barafu, kubwa kiasi cha ndege kutua juu yake.

Barafu huelea kwa sababu mita moja ya ujazo ya barafu ina kilo 917 hivi, ilhali ya maji ina kilo 1,000. Hata hivyo, barafu tupu hupasuka ghafla igongwapo. Dosari hiyo ilipunguzwa kwa kuchanganya maji na unga au rojo la mbao, kiasi cha asilimia 14 ya uzito, kabla ya kugandishwa. Nyuzi za mbao huzuia ufa usienee, kama nondo zifanyavyo katika zege. Tena mchanganyiko huo, ulioitwa paikriti kwa jina la Pyke, huyeyuka polepole kuliko barafu tupu.

Manowari hiyo, iliyopewa jina la Habakkuk, ilikusudiwa kuwa na urefu wa mita 600 na uzito unaozidi tani milioni 2. Mwaka 1943 kielelezo chenye urefu wa mita 18 na upana wa mita 9 kilijengwa katika ziwa Patricia, nchini Kanada, nacho kilielea vyema.

Kwa nini basi haikuundwa? Mwanasayansi Max Perutz alionyesha kuwa paikriti, ijapokuwa hustahimili pigo, hupinda kidogo kidogo chini ya mzigo wa kudumu, isipokuwa ikipozwa hadi nyuzi 16 za Sentigredi chini ya sifuri. Kwa hiyo manowari ingehitaji mitambo mikubwa ya kugandishia na mabomba mengi, yaani chuma kilekile kilichokusudiwa kuokolewa. Wakati huohuo ndege za masafa marefu ziliongezeka, na mwaka 1943 Ureno iliruhusu viwanja vya visiwa vya Azores vitumiwe. Mradi ukaachwa.

Fundisho ni kwamba nguvu ya kitu haipimwi kwa pigo moja tu. Hupimwa pia kwa muda, joto na gharama.

Zoezi: Gandisha maji matupu katika kopo moja, na katika kopo jingine maji sehemu 6 kwa unga wa mbao sehemu 1, kwa uzito. Viweke vipande vyote viwili kivulini. Kipi kitatangulia kuyeyuka, na kwa nini?