Nyumba Nyekundu ya William Morris

Katika mwaka 1859, katika jimbo la Kent, si mbali na mji wa London, waashi walianza kujenga nyumba ya matofali mekundu katikati ya shamba la miti ya matofaa. Mwenye nyumba alikuwa William Morris, kijana wa miaka 25. Aliyeichora ni rafiki yake, Philip Webb, na hiyo ndiyo nyumba ya kwanza aliyoichora kwa jina lake mwenyewe. Wawili hao walijuana mwaka 1856 katika ofisi ya mchoraji mmoja wa majengo mjini Oxford.

Siku zile viwanda vya Uingereza vilitoa vitu vingi kwa upesi, na vingi vilikuwa vya kudanganya macho. Kuta za matofali zilipigwa lipu na kuchorwa mistari, ili apitaye adhani ni mawe. Mbao hafifu zilipakwa rangi zipate kufanana na mbao za thamani. Tena fundi, ambaye zamani alitumia akili yake pamoja na mikono yake, sasa alikuwa mtumishi wa mashine tu. Mambo hayo yaliwachukiza Morris na Webb.

Basi, Webb alipopanga nyumba, kwanza aliitazama miti, akaiweka nyumba mahali ambapo ni michache tu itakayokatwa. Matofali hakuyafunika, yalionekana kuwa matofali. Juu aliweka paa la mteremko mkali, lenye vigae vyekundu na dohani ndefu. Madirisha hayakulingana: mengine ni marefu, mengine ya mviringo, kwa maana kila dirisha lilifuata haja ya chumba chake, wala si sura ya nje. Nyumba ilikunjwa kama herufi L, na katika pembe yake kikachimbwa kisima chenye paa lililochongoka.

Morris na mkewe Jane walihamia mwaka 1860. Lakini walipotafuta vyombo vya nyumbani madukani, hawakuona vilivyowapendeza. Kwa hiyo Webb alichora meza, viti na vinara. Edward Burne-Jones na rafiki wengine walipaka picha ukutani. Jane alinunua kitambaa cha sufu cha rangi ya buluu, na yeye na mumewe wakakidarizi maua. Kazi hiyo ikawafurahisha hata mwaka 1861 rafiki 7 wakaanzisha shirika la kutengeneza vyombo, vioo vya rangi na mapambo ya nyumba.

Hata hivyo nyumba ilikuwa na kasoro. Vyumba vyake vikubwa vilielekea kaskazini, na katika nchi ile jua halifiki upande huo wakati wa baridi. Mwaka 1864 Morris alishikwa na homa ya baridi yabisi, na safari za kwenda London kazini zikamlemea. Mwaka 1865 akahama, naye hakurudi kuitazama tena, kwa kuwa aliipenda mno.

Palikuwa na huzuni nyingine iliyomfuata maisha yake yote. Kazi njema ya mikono huchukua siku nyingi, na kwa hiyo bei yake ni kubwa. Morris alitaka kila mtu akae katika nyumba nzuri, lakini walioweza kununua vitu vyake walikuwa matajiri.

Lakini fundisho la nyumba ile halikupotea. Wajenzi wengine walilifuata, na tangu mwaka 1887 mwendo wao ukaitwa Sanaa na Kazi za Mikono. Webb naye aliendelea. Huko Sussex alijenga nyumba ya Standen, iliyomalizika mwaka 1894, akitumia mawe yaliyochimbwa papo hapo. Nyumba Nyekundu ingaliko, na tangu mwaka 2003 inatunzwa na chama cha kuhifadhi majengo ya kale, na watu huingia kuitazama. Matofali yake hayajafunikwa hata leo.

MASWALI
1. Kwa nini Webb hakuzipiga lipu kuta za nyumba?
2. Madirisha yalipangwa kwa kufuata nini?
3. Nyumba ilikuwa na kasoro gani?
4. Taja kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mikono katika kijiji chenu, ueleze jinsi fundi alivyokifanya.