Toleo Jipya Likikataliwa, Tazama Saini Kwanza



Mwaka jana tuligundua kuwa programu yetu ya nyakati za swala, iliyotengenezwa kwa saa za Kampala, inawaonyesha wenzetu wa Kigali Alfajiri saa nzima baada ya wakati wake. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Kurekebisha kulichukua jioni moja; kulifikisha toleo jipya Google Play kulichukua wiki mbili. Ufunguo wa saini ulikuwa kwenye laptopu ya ndugu aliyehitimu, naye alishaiuza. Mimi si mtu wa kompyuta, ila nilikuwa katibu, na lawama zikanijia mimi.

Kila programu ya Android hutiwa saini kwa ufunguo wa siri. Simu ikiletewa toleo jipya, hulinganisha saini yake na ya toleo lililopo, na zisipolingana hulikataa. Wanaosoma Hadithi wataelewa upesi: matini ni nzuri, lakini imetoka kwa nani?

Funguo ni mbili, na hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Kwa programu mpya tangu Agosti 2021, ufunguo wa saini yenyewe hutunzwa na Google. Mtengenezaji hubaki na ufunguo wa kupakia. Huu wa pili ukipotea, mwenye akaunti hutengeneza mwingine, hutuma cheti chake kupitia Play Console na kuomba ubadilishwe. Ndivyo tulivyookoka. Programu ya zamani isiyojiunga na utaratibu huo, ufunguo wake ukipotea, haipokei tena toleo jipya: utaichapisha upya kwa utambulisho mwingine, na kila mtumiaji aisakinishe upya.

Lakini usikimbilie kusema ufunguo umepotea. Soma ujumbe wa kukataliwa. Ukitaja “debug”, umetia saini kwa ufunguo wa majaribio ambao Android Studio hujitengenezea. Ukikupa alama mbili za SHA-1, ile inayotakiwa na ile uliyoleta, kagua mafaili yako ya funguo kwa keytool; huenda umechukua lingine tu. Namba ya toleo ikiwa imeshatumika, saini haihusiki, iongeze. Kwa iPhone, Apple hukataa pia maelezo ya juujuu ya kuomba ruhusa ya mahali. Andika wazi: “Tunakokotoa nyakati za swala za ulipo.”

Sasa akaunti iko kwenye barua pepe ya jumuiya, faili la ufunguo liko sehemu mbili, na nenosiri analo mweka hazina.