Kila Mtu na Tuta Lake

Milima ya Usambara imeinuka ghafula juu ya nyika, na mji wa Lushoto u kati yake, kadiri ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Huko baridi ni kali katika Juni na Julai, na kabichi, karoti na viazi vya kizungu hustawi kuliko pwani. Lakini mashamba mengi yako mteremkoni, na mvua za masika huuchukua udongo na kuupeleka bondeni. Alimaye huko hana budi kuyakumbuka maji kila apigapo jembe.

Katika mlima mmoja wa nchi hiyo alikaa mtu na mkewe na watoto wao watatu. Mwisho wa Februari, kabla ya masika, yule baba aliwaita watoto, akawaonyesha kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, penye magugu matupu, akasema, "Hapa tutafanya bustani ya mboga. Kila mmoja atakuwa na tuta lake, urefu wake hatua sita, na upana wake kadiri ambayo mtafikia katikati bila kulikanyaga. Mwenye tuta ndiye mwenye neno. Mimi nitafundisha mara moja tu. Sitalima tuta la mtu."

Mkewe akacheka, kwa maana alimjua mumewe kuwa hawezi kutazama kazi mbaya huku mikono yake imetulia.

Basi wakafyeka, wakalima, wakatia samadi ya mbuzi. Samadi hiyo waliitoa chini ya rundo, ile iliyokwisha kuoza ikawa nyeusi na kupotewa na harufu yake. Samadi mbichi haifai, kwa kuwa hupata moto wakati wa kuoza, nayo huunguza mizizi michanga.

Binti, aliyekuwa kifungua mimba, alichagua mchicha. Mbegu zake ni ndogo sana, kwa hiyo alizichanganya na mchanga mkavu zisianguke mahali pamoja, akazifunika kwa udongo kidogo tu. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekwisha kuchuma.

Kitinda mimba alichagua maharage, maana yalishikika vizuri katika vidole vyake. Siku ya pili aliifukua mbegu moja kutazama kama imeota. Siku ya tatu akafukua nyingine. Mama yake hakumkemea. Alitwaa bilauri, akatia ndani yake kitambaa chenye maji, akapachika maharage mawili kati ya kitambaa na kioo, akaiweka dirishani. Mtoto akaona kwa macho yake mzizi ukitoka kwanza na kuelekea chini, kisha shina likipanda juu. Tangu hapo akayaacha yale ya tutani yalale. Jambo hili hata ninyi mwaweza kulifanya shuleni, wala halihitaji siku nyingi.

Mtoto wa kati, mvulana wa miaka kumi, alitaka kabichi, kwa sababu alikuwa ameziona zikipakiwa katika magari sokoni. Alizisia mbegu zake katika kitalu chini ya kivuli cha majani, akazinyweshea asubuhi na jioni. Lakini tuta lake alililaza likishuka na mlima, wala si kuukata.

Baba yake akamwambia, "Mwanangu, geuza tuta hili. Tuta likikata mteremko, maji huligonga, yakasimama, yakanywewa na udongo."

Mvulana akajibu, "Baba, kabichi hazipendi kusimamiwa na maji. Acha yapite kando."

"Maji yapitayo hapa hayapiti mikono mitupu."

"Nawe ulisema mwenye tuta ndiye mwenye neno."

Baba akanyamaza. Tena alikuwa na sababu yake ya kutomlazimisha. Mwaka 1946, katika nchi ya Mlalo, Serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo wa milima hiyo, na watu wakaamriwa kufanya matuta katika mashamba yao. Kuuzuia udongo lilikuwa jambo jema, lakini kazi ilikuwa nzito na amri ilikuwa kali. Watu wakachukia, wakakataa, na kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 mpango ukaachwa. Babu yake alikuwa mmoja wa hao waliokataa, na hadithi hiyo aliisikia mara nyingi penye moto.

Katikati ya Aprili miche ilikuwa imefikia kimo cha kiganja. Mvulana akaihamisha jioni, jua lisije likaikausha, akaipanda 20 katika safu mbili, akaushindilia udongo kwa vidole kuzunguka kila shina. Asubuhi ya tatu mche mmoja ulionekana umelala, umekatwa sawasawa na ardhi. Kitinda mimba akakwaruza udongo kando yake, akamtoa sota mnene amejikunja. Mdudu huyu hukata usiku na kujificha mchana karibu na alipokula. Basi ikawa kila alfajiri mtoto yule hupita akimtafuta, na mche uliokufa ukapandwa mwingine kutoka kitaluni.

Hata usiku mmoja ikanyesha mvua kubwa. Maji yakaingia katika kijia kilichokuwa kando ya tuta la kabichi, yakapata nguvu kwa kushuka, yakalila tuta ubavuni. Mvulana alitoka na kibatari, akatazama, akarudi kulala bila kusema neno. Miche saba tu ilikuwa imesimama.

Kabla ya kucha, mvua ilipokwisha, baba aliamka akatwaa jembe. Alikuwa amehesabu moyoni miche iliyobaki kitaluni, akaona kwamba yatosha, na kwamba aweza kuligeuza tuta kabla mtoto hajaamka. Mkewe akamwuliza kwa sauti ndogo, "Baba watoto, ukimaliza, litakuwa tuta la nani?"

Akasimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaliegemeza jembe ukutani, akarudi kitandani. Lakini usingizi hakuupata tena.

Kulipokucha mvulana alikwenda bustanini peke yake. Alipotazama chini aliona kwamba udongo wake haukufika bondeni. Ulikuwa umerundikana penye tuta la dada yake, lililolala likiukata mteremko. Nalo halikubomoka, ila safu ya juu ya mchicha ilikuwa imefunikwa kabisa.

Dada yake akaja, akaona, akakasirika. "Ondoa udongo wako, na mchicha wangu unilipe."

"Nitakulipa kabichi ya kwanza," akasema mvulana.

Siku hiyo na siku ya pili alipandisha udongo kwa kikapu, na dada yake, hasira ilipopoa, akamshikia upande mmoja. Akalifanya tuta upya, likikata mlima, akapanda miche 13 iliyobaki. Baba yake alipita mara tatu akitazama, na mara zote tatu akaondoka kwa haraka.

Zile saba zilifunga mwezi wa Julai, nazo nyingine zikafuata nyuma yake. Kabichi ya kwanza alikabidhiwa dada, naye akampa mama, ikapikwa pamoja na maharage ya kitinda mimba. Wote wakaketi kula. Mama akawaambia kwamba mwaka ujao kabichi zipandwe mahali pa maharage, kwa kuwa vifundo vilivyo katika mizizi ya maharage huutia udongo nguvu.

Ndipo mvulana akasema, "Baba, usiku ule wa mvua nilikusikia ukitwaa jembe."

Baba akaweka tonge chini. "Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho. Nikasema moyoni mwangu, akienda kulilima, mimi silishiki tena tuta lile. Kisha nikalisikia jembe likigusa ukuta, nikalala."

Baba hakujibu. Alisogeza bakuli karibu na mwanawe, akamwomba amwongezee kabichi.