Dondoo muhimu: Kutoka Kayole hadi sitaha ya helikopta

Ukitaka kazi kwenye sitaha ya helikopta ya yoti, usianzie kwenye helikopta. Anza na mafunzo ya msingi ya usalama baharini, STCW: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Bandari Maritime Academy, Mombasa, huyatoa.

Wakala akikudai pesa za kukutafutia kazi melini, hata akiwa na ofisi maridadi pale Umoja, ondoka. Mkataba wa kazi za mabaharia, MLC wa 2006, unakataza hilo. Katika kutafutiwa kazi, gharama zako ni pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari.

Baada ya STCW, kozi ya sitaha ya helikopta hufuata. Ukiwa sitahani, kabla helikopta haijatua, okota kila kilicholegea: taulo, kofia, mto wa kiti. Upepo wa rafadha hurusha vyote, na injini huvimeza. Usiikaribie kwa nyuma kamwe. Rafadha ya mkia ikizunguka ni vigumu kuiona. Ngoja ishara ya rubani, hata bosi wa yoti akikuharakisha.