Samaki wa Vidimbwi vya Msimu: Somo la Kupima Fikira

Mwalimu aulizapo darasani, "Samaki walioko katika dimbwi lililokuwa kavu kiangazi chote wametoka wapi?", huenda mwanafunzi akajibu kuwa wameshuka na mvua. Mwalimu asimcheke, wala asimsahihishe papo hapo. Jibu hilo ni fikira inayoweza kupimwa, na kuipima ndiyo sayansi.

Maarifa ya mwalimu

Samaki wa jenasi ya Nothobranchius huishi katika vidimbwi vya msimu barani Afrika, vikiwamo vya Tanzania, Kenya na Msumbiji. Wengi hawazidi sentimita 7. Dume ana rangi za kung'aa, jike amefifia. Hutaga mayai katika matope. Dimbwi likaukapo samaki wote hufa, lakini mayai, yenye ganda imara, hubaki hai udongoni, ukuaji wake ukiwa umesimama. Mvua ijazapo dimbwi, huanguliwa. Maisha yao ni mafupi, kwa hiyo hukua upesi: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa Nothobranchius furzeri wa Msumbiji huweza kukomaa kwa siku 14 tu.

Hatua za somo

1. Wanafunzi wataje fikira zao zote, nazo ziandikwe ubaoni: mvua, mafuriko, udongo.

2. Mwisho wa kiangazi, mwalimu achukue konzi chache za udongo wa dimbwi, na kiasi kama hicho cha udongo wa kiwanja cha shule.

3. Mvua zianzapo, kila udongo utiwe katika chupa yake yenye mdomo mpana, pamoja na maji ya mvua yaliyochujwa. Chupa zote mbili zifunikwe kwa kitambaa.

4. Kwa wiki moja wanafunzi watazame kila siku, wachore na kuandika waonayo.

Tahadhari

Wanafunzi wasiingie dimbwini, kwa kuwa maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho. Samaki wakianguliwa, warudishwe katika dimbwi lile lile.

Tathmini

Si mayai yote huanguliwa kwa mvua ya kwanza. Mengine husubiri mvua nyingine. Basi chupa ikikosa samaki, mwalimu asione kuwa somo limeharibika. Aulize: "Je, tumethibitisha kuwa samaki hawatoki udongoni, au hatujawaona tu?" Mwanafunzi atakayetenganisha mambo hayo mawili amefaulu, hata kama hakuona samaki hata mmoja.